Tathmini: Magnetomita ya SQUID ya tesla 7 na kiingizo chake cha heliamu-3, kwa kazi ya nyanda za usumaku

Skrini ya MPMS3, yaani magnetomita hiyo ya SQUID (kihisi cha supakondakta kinachonasa sumaku dhaifu mno), inaonyesha namba tatu muda wote: halijoto, uga wa sumaku na momenti ya sampuli, yaani nguvu yake ya sumaku. Ya tatu unaweza kuiamini karibu bila kuhoji. Mbili za kwanza ni za mashine, si za fuwele yako. Kwa vipimo vingi tofauti hiyo haina madhara. Kwa anayetafuta nyanda za usumaku kwenye fuwele za ardhi adimu, ndiyo inayoamua kama mchoro wake utasimama au utaanguka mbele ya mhakiki wa kwanza. Tathmini hii inakipima kifaa hicho kwa kazi hiyo moja tu.

Kwa asiyezoea istilahi: weka spini tatu (sumaku ndogo za atomu) kwenye pembetatu, kila moja ikitaka kuelekea kinyume cha jirani yake. Mbili zikikubaliana, ya tatu haina pa kugeukia. Huo ndio mkwamo. Fuwele iliyojaa pembetatu za namna hiyo ina mipangilio mingi inayokaribiana kwa nishati, na uga wa nje huichagua mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana usumaku haupandi kwa mteremko mmoja laini. Unapanda, unalala, unaruka, unalala tena. Kila sehemu iliyolala ni uwanda, na thamani yake huwa sehemu kamili ya usumaku uliokwisha kushiba: 1/3, 1/2, pengine 1/8. TmB4, boridi ya thuliamu (Tm), ina uwanda mpana wa 1/2, kati ya tesla 2 na 3.5 hivi, ikiwa imepozwa hadi kelvini 2 na uga umelala sambamba na mhimili c wa fuwele. Chini yake kuna vinyanda vyembamba vya 1/7, 1/8 na 1/9 vilivyotangazwa mwaka 2008. HoAgGe, ambayo atomu zake za holmiamu zimepangwa kama macho ya kikapu kilichosukwa (mpangilio uitwao kagome), inaonyesha ngazi za karibu 1/3 na 2/3. Zote hizo zimo ndani ya tesla 7, na hapo ndipo mashine hii inapopata wateja.

Kwenye karatasi

Sumaku ya supakondakta hadi tesla 7, halijoto kuanzia kelvini 1.8 hadi 400, usikivu wa kiwango cha 10⁻⁸ emu (kizio cha momenti ya sumaku) kwenye uga mdogo. Sampuli hutikiswa juu na chini karibu mara 14 kwa sekunde (mtindo wa VSM), au hupandishwa taratibu sentimita chache kupitia koili za kupokea (mtindo wa DC). Kuongeza uga kunaweza kwenda hadi oersted 700 kwa sekunde (oersted 10,000 ni tesla 1). Kasi hiyo ni ya kujivunia kwenye tangazo, lakini haifai kabisa kwa kazi yetu.

Usikivu huo ni mkubwa kupita mahitaji. Miligramu 10 za Dy2Ti2O7, oksidi ya disprosiamu na titani, zikishiba kwenye mwelekeo wa [111] (ulalo wa mchemraba wa fuwele) hutoa karibu emu 1, yaani mara milioni mia ya kiwango cha chini ambacho kifaa kinaweza kuhisi. Wengi husoma namba hiyo ya usikivu kama ruhusa ya kuweka fuwele yoyote. Ukweli ni kwamba faida yake ni moja: inakuruhusu kutumia fuwele ndogo sana. Na udogo ndio utakaokuokoa kwenye mambo mawili yanayofuata.

Umbo la fuwele ni sehemu ya kipimo

Fuwele yenye usumaku mkubwa huzaa ndani yake uga unaopinga ule wa nje. Ukubwa wake ni usumaku wenyewe ukizidishwa na kigawo cha umbo, N. Tufe au mchemraba una N ya 1/3. Bamba jembamba lililosimama wima dhidi ya uga linakaribia 1. Fito nyembamba iliyolala sambamba na uga inakaribia sifuri.

Kwa sumaku dhaifu za iterbiamu hili ni marekebisho madogo. Kwa thuliamu na disprosiamu ni jambo la kutisha. Piga hesabu ya TmB4: fomula nne katika kila seli yenye ujazo wa takriban angstromu 198 za ujazo, kila Tm ikibeba magnetoni 7 za Bohr (kizio cha momenti ya atomu moja). Ukishiba, usumaku huo ni sawa na tesla 1.65. Kuruka kutoka uwanda wa 1/2 hadi kushiba ni nusu yake, tesla 0.82. Kwenye fuwele halisi mruko huo, hata ukiwa wa ghafla kabisa, utaonekana kama mteremko wenye upana wa N mara 0.82. Bamba la milimita 2 kwa 2 kwa 0.2, c ikiwa imesimama wima juu yake, lina N ya karibu 0.83, hivyo mruko utatapakaa kwenye tesla 0.68. Mchemraba utautapanya kwenye 0.27. Fito ya milimita 2 kwa 0.3 kwa 0.3, urefu ukifuata c, ina N ya karibu 0.07, na mruko unabaki na upana wa tesla 0.06 tu. Fuwele ileile, mashine ileile. Mmoja ataandika kuwa badiliko ni la ghafla, mwingine kuwa ni la polepole, na wote wawili watakuwa wamepima umbo.

Vinyanda vyembamba ndivyo vinavyoumia zaidi. Kwenye bamba sehemu moja ya fuwele na nyingine haziko kwenye uga uleule, kwa sababu N ni namba moja tu kwa maumbo ya yai na tufe. Kwenye bamba au mchemraba inatofautiana kutoka ukingoni hadi katikati. Kinyanda kinachokaa kwenye tesla 0.1 tu kinamezwa kabla hujakiona, na hakuna hesabu ya baadaye itakayokirudisha.

Basi kwa nini usitumie fito ndefu zaidi? Kwa sababu programu ya mashine inachukulia kuwa sampuli ni nukta moja. Kadiri inavyorefuka, ndivyo umbo la mawimbi kwenye koili linavyoachana na lile linalotarajiwa, na momenti inayosomwa inakosewa kwa asilimia kadhaa. Rejea ya paladiamu inayotumika kusawazisha mashine ni kipande kifupi kinene, na fito ya milimita 6 haifanani nayo hata kidogo. Umbo linataka urefu, SQUID inataka ufupi. Milimita 2 hadi 2.5 ndipo pande hizo mbili zinapovumiliana, na kosa la asilimia linalobaki unalisahihisha kwa usumaku wa kushiba, ambao kwa ioni hizi unajulikana.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Miongozo mingi inasisitiza uga wa mabaki: mashine haipimi uga, inauhesabu kutoka kwenye mkondo wa umeme wa sumaku, na baada ya kwenda tesla 7 na kurudi kunabaki makumi ya oersted yasiyoonyeshwa kwenye skrini. Ni kweli, na kwa kipimo cha oersted 100 kosa hilo linaharibu kila kitu. Lakini kwenye uwanda wa tesla 2 ni sehemu chache tu za elfu za tesla. Watu hutumia saa nzima kuondoa mabaki hayo kwa kuyumbisha uga, kisha wanaweka bamba lenye kosa la mara mia kadhaa zaidi.

Msokoto

Tm kwenye TmB4 hukubali kuelekea c tu, juu au chini. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 5, thamani ya usumaku inashuka kwa asilimia 0.4, jambo lisiloonekana. Kinachoonekana ni msokoto. Fito ya miligramu 1.3 tuliyoitaja ina momenti ya karibu emu 0.24 ikishiba. Kwenye tesla 4, nyuzi hizo 5 huzaa nguvu ya kusokota ya takriban newtoni-mita 8 × 10⁻⁵. Kwenye ncha ya fito hiyo ni sawa na kuisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 6,000. Fuwele ya miligramu 10 hadi 20 hung'oka, au hupinda kishikilio cha kwatsi hadi kiguse ukuta wa chumba.

Dalili zake zinatambulika. Mruko unatokea kwenye kupanda tu, halafu ukirudi sifuri na kupanda tena hauonekani mahali pale. Mawimbi ghafi ya koili yanapoteza ulinganifu. Kelele inaongezeka ghafla juu ya uga fulani na haipungui. Ukiona chochote kati ya hivi, toa sampuli uiangalie kabla ya kuipa jina awamu mpya ya sumaku. Faili la mawimbi ghafi lihifadhiwe daima. Namba ya mwisho peke yake haitakuambia kilichotokea.

Grisi ya utupu inatosha kwa iterbiamu. Kwa disprosiamu (Dy), holmiamu (Ho), terbiamu (Tb) na thuliamu (Tm) tumia vanishi ya GE, gundi inayohimili baridi kali, iache ikauke usiku mzima, na fuwele yako ilale kwenye uso bapa uliosuguliwa. Sampuli ikae milimita 66 kutoka mwisho wa kishikilio, ambapo mashine inaitarajia. Hata hivyo fanya utafutaji wa kitovu upya ukiwa tayari kwenye kelvini 2, maana kishikilio husinyaa kikipoa.

Dy2Ti2O7 inadai uangalifu wa aina nyingine. Spini zake zimeelekea kwenye pembe za piramidi, kwa hiyo mwelekeo hubadilisha hata thamani ya kushiba: magnetoni 5.77 kwa kila Dy kwenye [100] (ukingo wa mchemraba), 5.00 kwenye [111], 4.08 kwenye [110] (ulalo wa uso wake). Ni rejea nzuri kuliko maelezo yoyote ya mwongozo. Ukipata 4.6 kwenye kinachodaiwa kuwa [111], tatizo liko kwenye ukataji, uzito au kitovu, na halihitaji nadharia. Uwanda wake wa magnetoni 3.33 kwa kila Dy uko pale tu uga unapoelekea [111] kwa usahihi. Nyuzi chache za mwinamo zinatosha kuvunja usawa wa spini tatu zinazobaki kwenye tabaka la kagome na kuukunja uwanda.

Halijoto, na muda

Kwa kelvini 1.8 na kuendelea gesi ya heliamu inayozunguka sampuli hufanya kazi yake, na hakuna la kulalamikia. TmB4 hujipanga chini ya kelvini 12, hivyo kelvini 2 ni baridi ya kutosha, na mtindo wa VSM wenye mtikiso wa milimita 1 hadi 3 ndio bora. Mtindo wa DC hupitisha sampuli kwenye sentimita kadhaa za uga usio sawa kabisa. Kwenye tesla 4, tofauti ya sehemu moja kati ya elfu kumi ni oersted 4 za kwenda na kurudi kila kipimo, na awamu yenye histeresisi, yaani inayotegemea historia ya uga, hukumbuka misukumo hiyo midogo.

Kasi ya uga ndiyo inayotenganisha kipimo na picha. Kwa oersted 100 kwa sekunde, kushuka kutoka tesla 7 hadi sifuri ni dakika 12. Kwa oersted 10 ni karibu saa mbili. Anza na ya haraka ili ujue miruko iko wapi, kisha rudia ya polepole kwenye sehemu hizo tu, hatua za tesla 0.02, na tesla 0.1 kwingineko. Panda na ushuke. Uwanda unaoonekana upande mmoja tu, au unaobadilika thamani kasi ikipunguzwa nusu, bado si uwanda. Unaweza kuwa ni usumaku uliokosa muda wa kusonga. Kati ya 1/8 na 1/9 kuna tofauti ya 0.014 tu ya usumaku wa kushiba, na historia ya uga peke yake inaweza kusogeza zaidi ya hapo.

Jaribio rahisi zaidi ndilo linalorukwa zaidi. Simamisha uga katikati ya unachodhani ni uwanda na rekodi momenti kwa dakika 20. Ikiendelea kutambaa, umeipata fuwele njiani.

Kiingizo cha heliamu-3

Hiki ndicho kinachogawa maoni. Kinaingia kwenye nafasi ya sampuli ya kawaida, kinafyonza mvuke wa heliamu-3 kwa mkaa, na kufika chini ya kelvini 0.5. Gharama yake ni kupoteza VSM, kubaki na nafasi finyu, na kurudia upoaji kila kioevu kinapoisha.

Kinastahili kwa mambo mawili. La kwanza ni Dy2Ti2O7. Nishati ya maingiliano yake iko karibu na kelvini 1, kwa hiyo kwenye 1.8 uwanda wa 3.33 ni bega tu lililoinama, na hapa chini ndipo unapolala. La pili ni pembetatu za iterbiamu kama NaYbO2, ambazo mpangilio wa juu-juu-chini wenye uwanda wa 1/3 hujitokeza karibu na tesla 5 na chini ya takriban kelvini 1. Kwa hizi ondoa kwanza mteremko wa Van Vleck, ule usumaku unaoendelea kupanda taratibu hata spini zikishiba, la sivyo 1/3 yako haitakuwa 1/3. Tesla 7 haitoshi kuzishibisha, kwa hiyo mteremko huo utafute kwenye uga mkubwa mahali pengine. Na kama ulicho nacho ni unga badala ya fuwele, usitarajie kona kali. Kila punje ina mwelekeo wake.

Sasa upande wa pili. Kwenye nusu kelvini njia ya joto kutoka fuwele hadi heliamu hupita kwenye grisi na mipaka ya vitu viwili visivyoelewana, na kila mruko wa usumaku hutoa au kumeza joto. Kipimajoto hakijui. Zaidi ya hapo, chini ya kelvini 0.6 hivi spini za Dy2Ti2O7 husonga polepole mno hivi kwamba kupoza ndani ya uga na kupoza bila uga hutoa majibu mawili tofauti. Mtu akipima haraka hapa atapata nyanda nzuri, kali, zinazoshawishi, na zisizokuwepo. Badiliko la ghafla la kutoka 3.33 hadi 5, ambalo ncha yake (halijoto ambayo juu yake badiliko si la ghafla tena) iko kwenye kelvini 0.36, lililopimwa mwaka 2003 kwa fuwele iliyo kwenye [111], liko nje ya uwezo wa kiingizo hiki kwa kidogo tu. Kidogo hicho kinahitaji jokofu la mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4 pamoja na magnetomita ya nguvu ya Faraday, na hakuna ujanja wa kukikwepa.

Angalia pia alumini. Fuwele nyingi za boridi hukuzwa ndani ya alumini iliyoyeyuka, na mabaki yake huoshwa kwa sodiamu haidroksaidi. Yakibaki hata kidogo, chini ya kelvini 1.2 na chini ya tesla 0.01 yanakuwa supakondakta na kuchora shimo hasi mwanzoni mwa mchoro. Juu ya joto hilo hayaonekani kabisa, kwa hiyo anayehama kutoka kelvini 2 kwenda 0.5 hulikuta kwa mshangao. Bati na indiamu za kulehemu hufanya hivyohivyo kuanzia kelvini 3.7 na 3.4.

Nani achukue, nani aache

Kwa TmB4, ErB4 na HoAgGe hii ndiyo mashine ya kwanza ya kuomba, bila kiingizo. Kwa Dy2Ti2O7 na iterbiamu omba kiingizo na uombe siku, si saa. Kwa TbB4 usipoteze muda. Nyanda zake nyingi zinaendelea hadi karibu tesla 30, na huko ni sumaku za mpigo za Dresden, Toulouse, Kashiwa au Los Alamos, ambako uga wote unapita ndani ya milisekunde na suala la joto linaanza upya kwa ukali mkubwa zaidi. Magnetomita ya VSM ya tesla 14 ni mbadala mzuri wa katikati: usikivu wake ni mdogo, lakini kwa fuwele zinazotoa sehemu ya kumi ya emu hilo halijalishi.

Ukipewa saa tatu tu kwenye mashine hii, usigawanye kwa halijoto saba. Weka fito moja iliyopimwa vizuri pande zote tatu kwa hadubini, kelvini 2, kupanda na kushuka kwa oersted 20 kwa sekunde, na dakika 20 za kusimama juu ya kila uwanda. Vipimo vya fito viandikwe kwenye jina la faili.